Kata ya Mwisho

Juu ya paa la nyumba yangu hapa Kasulu kuna tangi la maji ya moto, na mimi na hilo tangi bado hatujaaminiana. Lililetwa mwaka jana na binti yangu Yasinta, pamoja na fundi mmoja kijana aliyepanda juu na kuanza kunifundisha, mimi mwalimu niliyezeekea darasani: kwamba yale mabomba meusi ya vioo yanakamata jua, maji yanapanda yenyewe mpaka tangini, na tangi lenyewe lina sponji nene kati ya bati la ndani na bati la nje, kwa hiyo yanalala moto mpaka asubuhi. "Ni kama chupa ya chai tu, mama," aliniambia. Nikamjibu kwamba chupa ya chai naifahamu, na kabla ya chupa ya chai nilifahamu chombo kingine kilichofanya kazi hiyo hiyo bila bomba hata moja. Hakuuliza ni chombo gani, akashuka akala ugali wake akaenda zake. Tangu siku hiyo nikitaka kuoga najaza beseni kwanza, nachovya kiwiko, nasubiri. Yasinta akinikuta ananicheka. "Mama, koki ya baridi si hiyo hapo? Punguza tu." Ipo, naiona. Koki ya maji ya baridi kando ya koki ya moto, mkono unaifikia bila kuomba ruhusa ya mtu: kuna mwaka mmoja wa maisha yangu ambao ningetoa chochote nilichokuwa nacho ili nipate kitu kama hicho. Niliishia kuiba, na nitaeleza nilivyoiba.

Simu ilipigwa Jumatano asubuhi, kutoka Mabamba. Alikuwa wifi yangu Leokadia, dada wa mume wangu, mwanamke asiyejua salamu ndefu. "Mama ametutoka alfajiri hii," akasema. "Alikuwa amekaa anakunywa uji." Papo hapo akaendelea, "Njoo leo, wifi. Wa kumwosha ni mimi na wewe, alisema mwenyewe wiki iliyopita. Na alisema maji ayachemshe Mama Yasinta." Nilimwomba arudie. "Maji uchemshe wewe. Mimi kazi yangu kuchota." Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikiwa bado nimeshika simu iliyokwisha kukatwa. Mama mkwe wangu alikuwa ameishi zaidi ya robo karne akiamini kwamba ndiye aliyeniunguza mgongo. Mimi nilijua si yeye. Kila mwaka nilijiambia nitamweleza Krismasi, Krismasi ikifika nasogeza mpaka Pasaka, na Pasaka kulikuwa na wageni. Sasa alikuwa amelazwa kule akisubiri nimwekee maji, na lile neno bado ninalo mdomoni. Nililia kwa huzuni, ndiyo, lakini nisidanganye, nililia zaidi kwa aibu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu Sebastian alikuwa Uvinza kwenye kazi ya chumvi, anakuja nyumbani akipata nafasi, na mimi nilikaa Mabamba kwa mama yake. Nilimzaa Yasinta masika ikielekea kwisha. Tulirudi kutoka zahanati kwa miguu, mama mkwe mbele amembeba mtoto, Leokadia nyuma amebeba mfuko, nikaingizwa chumba cha ndani na mlango ukarudishwa. Nimelala katika vyumba vingi baadaye, vya bweni, vya kupanga, vya nyumba za walimu, lakini hicho ndicho ninachoweza kukieleza nikiwa nimefumba macho. Dirisha lilikuwa moja, la ubao, na lilipigwa misumari ili upepo usiniingie mgongoni. Kulikuwa na kitanda, gunia la maharage, ndoo ya haja, na harufu ya moshi, maana ukuta wa kichwani mwangu ndio uliokuwa ukuta wa jiko. Na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokaa kile chombo ambacho fundi wa tangi hakukiulizia. Ulikuwa mtungi mkubwa wa udongo, mama mkwe ameuzika mpaka shingoni kwenye tuta la udongo nyuma ya mafiga. Moto wa maharage ukiwaka mbele, joto linapenya nyuma linaingia mtungini bila kuni ya ziada. Jioni aliyasogeza makaa yakaegemea tumbo la mtungi, akayafukia kwa majivu, akafunika mdomo kwa ubao na juu ya ubao gunia lililokunjwa mara nne. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba na watu wakitembea wamejikunyata, nyumba ile ilinawa maji ya moto. Sheria ilikuwa moja: ukichota kata ya moto, unarudishia kata ya baridi, papo hapo. Hata mgeni aliambiwa. Nikiweka kiganja ukutani nilisikia uvuguvugu wake, na siku za mwanzo, mtoto akilia na mimi nikilia, uvuguvugu huo ulinifariji kweli.

Mzazi kwetu ni mbichi. Ndivyo asemwavyo, na ndivyo anavyotunzwa. Hagusi maji ya baridi hata ya kunawa vidole, hakai mlangoni, havuki kizingiti isipokuwa kwenda ule ua wa matete nyuma ya nyumba, asubuhi na jua likishuka, kukandwa. Mama mkwe alikuwa mkandaji wa kijiji kizima. Wanawake wa Mabamba walikuwa wakianza kumtumia ujumbe tumbo likiwa bado la miezi saba. Alichota debe zima mtungini, akalichemsha na majani ya mkaratusi, akalibeba mpaka uani, akamimina kwenye karai, akapunguza kwa maji ya ndoo ya baridi, kisha akachovya kiwiko. Kiwiko, kwa sababu mikono yake haikuwa tena na habari na moto. Nilimwona zaidi ya mara moja akiokota kaa jekundu lililoanguka na kulirudisha mafigani kwa vidole, huku akiendelea kumsema mtu. Kiwiko kikiridhika alirudi jikoni mara moja kuurudishia mtungi maji yake, maana sheria ya nyumba haikumsubiri hata yeye, halafu anakuja kukaa nyuma yangu na taulo. Anachovya, anakamua, anakandamiza: tumbo, kiuno, mgongo, mapaja. Maji yalikuwa ya moto kweli. Mwisho kabisa anachota kata ya kibuyu, anainua, ananimwagia kuanzia begani, kimya, akinitazama ngozi. Hiyo ndiyo iliyoitwa kata ya mwisho. Mzazi akishtuka, mwili bado. Asiposhtuka, damu imerudi mahali pake na anaweza kufunguliwa mlango. Mimi nilishtuka kila siku. "Bado mbichi," anasema, bila ukali, ananifunga tumbo kwa khanga na kunirudisha ndani kwenye uji wa ulezi.

Barua ilikuja mtoto akiwa na siku tisa. Aliileta mwalimu wangu wa zamani kwa baiskeli, akaikabidhi mlangoni kwa sababu hakuruhusiwa kuingia kwa mzazi, nami nikamsikia akimweleza mama mkwe kwa sauti ya kanisani kwamba Editha amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu Kasulu. Nikaisoma kwa mwanga wa ufa wa dirisha. Niripoti Jumatatu ya kwanza ya Julai; asiyeripoti ndani ya wiki mbili nafasi yake apewe mwingine. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa punje za maharage, na kila nilivyohesabu arobaini yangu ilikuwa inaisha siku tatu kabla ya Jumatatu hiyo. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nilimwambia Yasinta aliyekuwa amelala, "Tunaenda Kasulu, wewe na mimi." Jioni, uani, nikamwambia na mama mkwe. Alikamua taulo polepole. "Arobaini ni hesabu ya watu," akasema. "Mwili una hesabu yake. Nitakufungua ukiiva, si Jumatatu ikifika." Nikamuuliza nisipoiva je. "Basi Kasulu haihami, mwanangu. Itakuwepo mwakani." Yeye alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha tena, na mimi nilisikia mlango ukifungwa mara ya pili.

Ukuta wenye mtungi ulikuwa pia ukuta wa habari. Kila walichosema jikoni nilikisikia, pamoja na mwiko uliokuwa ukigonga sufuria. Nilimsikia Leokadia akinitetea kidogo, kwamba msichana amesoma na ni nafasi ya bahati, na mama mkwe akimjibu kwa sauti ya chini ambayo ilinijia yote. "Na wewe ulisema hivyo hivyo. Siku ya ishirini ukatoka kwenda kupalilia kwa watu, ukanyeshewa. Umepata mwingine tangu hapo?" Mwiko ulinyamaza. Leokadia alikuwa amezaa mara moja tu, mtoto akafa, na mumewe akamrudisha nyumbani. Hiyo niliijua, ila sikujua kwamba katika nyumba ile kosa lilihesabiwa kuwa la mlango uliofunguliwa mapema. "Huyu sitampoteza," mama mkwe akasema. "Acha anichukie." Leo nina umri wa kumwelewa mama yule. Wakati huo nilisikia maneno mawili tu, huyu sitampoteza, nikaona maana yake ni kwamba mimi ni mali ya chumba hiki. Nililala nimeugeuzia mtungi mgongo. Chakula kilikuwa kizuri, nisimsingizie; supu ya kuku, samaki wa migebuka wakipatikana, uji usiokatika, ugali wa muhogo uliosongwa laini kwa ajili yangu peke yangu. Nilikula vyote na kila tonge liliniongezea hasira. Nilikuwa nanenepeshwa ndani ya boksi.

Nilianza kuiba baridi kama siku ya ishirini na tano. Wazo halikunijia kwa akili, lilinijia kwa mkono. Mama mkwe alikuwa ameshapima kwa kiwiko na kwenda kuurudishia mtungi maji, mimi nimekaa juu ya jiwe uani, karai mbele yangu na ndoo ya baridi kando yake, na mkono ukachukua kata ukachota. Kata moja ya baridi ndani ya karai, haraka. Niliogopa mwiko wenyewe, ule wa mzazi na maji ya baridi. Niliamini nusu kwamba nitavimba papo hapo kwa kugusa maji yale. Sikuvimba. Alirudi, akachovya mikono yake isiyosikia, akanikanda, na kata ya mwisho ilipokuja nilishtuka kidogo tu. "Ehe," akasema. Kesho yake kata mbili, siku ya tatu kata tatu, na sikushtuka kabisa. Furaha yake ndiyo iliyonichoma kabla ya maji. Alimwita Leokadia aje anione. "Unaona? Damu inarudi. Sasa tuongeze moto, tumalizie vizuri." Akawa anapunguza maji ya baridi kidogo kila siku kwa kuwa mimi nilikuwa navumilia, na mimi naongeza kata kila siku kwa kuwa yeye anapunguza. Tukaenda hivyo karibu wiki mbili, kila mmoja akivuta upande wake. Nilijiona mjanja kuliko wote wa Mabamba. Mambo ya kufundisha hesabu nilikuwa bado sijaanza, vinginevyo ningeona hesabu ile inaelekea wapi.

Siku ya thelathini na nane, jioni, alileta debe likitokota. Alimimina, akagusa ndoo ya baridi kwa kata moja tu, akachovya kiwiko na kukitoa haraka mno. "Leo ndiyo yenyewe," akasema. "Ukipita hapa, kesho kutwa nakufungulia, uende hiyo Kasulu yako." Nilisubiri aende jikoni. Hakwenda. Leokadia alikuwa jikoni tayari, akapaza sauti kwamba ameshaurudishia mtungi maji, na mama mkwe akavuta kigoda akakaa nyuma yangu. Nilitazama ndoo ya baridi. Ilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuigusa kwa mguu. Ningeweza kusema, "Mama, ni ya moto mno," na maneno hayo ni mepesi, mtoto wa miaka miwili anayaweza, lakini nikiyasema angejua kwamba wiki mbili zote sikuwa nimeiva hata kidogo, na Jumatatu yangu ingekwenda. Nikauma pindo la khanga. Taulo la kwanza tumboni, la pili kiunoni. Nilisoma moyoni majina ya wilaya zote za mkoa, kisha ya mikoa yote, nikafika Mtwara. Aliinua kata ya mwisho akanimwagia kuanzia bega la kulia, na sikusogea. Sijui nilipata wapi nguvu hiyo na nisingependa kuipata tena. Nikamsikia mama mkwe akivuta pumzi. "Umeiva, mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa imemjaa kilio cha furaha. "Leokadia, njoo! Ameiva!" Akanifunika khanga mgongoni na kunipangusa, na khanga ilipotoka ilitoka na ngozi.

"Mawe we!" Huo ndio ukelele alioupiga, na majirani wawili walisikia. "Nimemuunguza mtoto wa watu! Kiwiko kimenidanganya!" Nililazwa kifudifudi kwenye kile kile chumba, mganga wa zahanati akaja na dawa na bandeji, na kwa mara ya kwanza dirisha likang'olewa misumari kwa sababu yeye alitaka hewa. Niliona mgomba mmoja na kipande cha anga. Mama mkwe alikaa sakafuni karibu na kichwa changu, akirudia kwamba amezeeka, kwamba ulikuwa moto wake, mkono wake, kosa lake. Ilikuwa ndiyo saa ya kusema. Nilikuwa nimegeuzia uso ukutani, midomo karibu na udongo, na nikafikiri: nikisema, hata huruma hii nitaipoteza, na mlango nao. Nikanyamaza. Jumatatu ya kwanza ya Julai ilipita nikiwa nimelala kifudifudi. Niliisikia ikipita, jogoo, mwiko, mafiga, mtungi ukifunuliwa na kufunikwa. Jumanne mama mkwe akaniomba barua. Hakujua kusoma, aliikunja akaiweka ndani ya Biblia ya kanisani, akapanda lori la maharage. Alikuwa hajawahi kuvuka Kibondo mjini maisha yake yote.

Alirudi siku ya nne, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na hakuja kwangu moja kwa moja. Alikwenda jikoni kwanza kunawa, na kwa hiyo nikasikia habari zote kwa njia yangu ya kawaida. "Nikamkuta mkuu wa chuo," alimwambia Leokadia. "Akaniuliza, wewe ni nani wake? Nikamwambia mimi ndiye niliyemuunguza. Akanitazama, akaniletea kiti. Nikamwambia mtoto yuko tayari, mwenye kosa ni mimi, sheria yenu ya wiki mbili nifungeni mimi." Leokadia akauliza alisemaje. "Amegonga muhuri. Aje mwezi wa nane, hata akiwa na bandeji." Halafu nikasikia maji yakimiminwa. "Na mimi naenda naye. Nani atamshika mtoto akiwa darasani? Wewe utabaki na moto." Mwanamke yule ambaye mtungi wake haukuwahi kupoa tangu aolewe alihamia nami Kasulu, kwenye chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka, akiwa na jiko la mkaa na chupa mbili za chai, moja ya uji na moja ya maji ya kumwogeshea Yasinta. Alizilalamikia chupa hizo mwaka mzima. "Maji yamefungiwa kama mwizi," alisema. "Hayapumui."

Watu huniambia huo lazima ulikuwa mwaka wa furaha, chuo, mtoto, mama mkwe wa namna hiyo. Mimi nilikuwa bado nimo ndani ya chumba. Kila jioni nikitoka darasani alinilaza, akafunua mgongo, akapaka mafuta kovu lililotoka begani mpaka kiunoni, na kila jioni aliuliza, "Inauma?" Nilijibu haiumi. Ilikuwa inauma, ila si mahali alipokuwa akipaka. Mwishoni mwa mwaka mwanamke wa jirani alijifungua, akasikia kwamba nyumba ya pili kuna mkandaji kutoka Mabamba, akamtuma mtu. Mama mkwe alikataa. "Niliacha," akasema. "Hii mikono si ya kuaminiwa." Na hakukanda mzazi tena mpaka anakufa, si Kasulu, si Mabamba aliporudi, hata wajukuu zake mwenyewe walipozaliwa. Nilimnyang'anya kazi yake kwa kunyamaza, na nilijua, na nikaendelea kunyamaza, nikimnunulia vitenge.

Jumatano ile ya simu nilifika Mabamba mchana. Wanawake walikuwa wamejaa uani, nikasalimia, nikapita moja kwa moja jikoni. Nyumba imeezekwa bati jipya lakini jiko ni lile lile, na mtungi ulikuwa bado mahali pake, shingo nje, gunia juu, makaa yameegemezwa tumboni. Mtu alikuwa amewasha moto huo jana akitegemea kunawa leo. Nilichochea kuni, nikateka debe, nikatia majani ya mkaratusi ambayo Leokadia alikuwa ameyaweka tayari bila kusema kitu. Yalipochemka tukayabeba wawili mpaka chumba cha ndani. Walimlaza mle mle. Alikuwa mdogo sana, nilishangaa jinsi alivyokuwa mdogo. Nikamimina kwenye karai, nikapunguza kwa maji ya baridi, nikachovya kiwiko, nikapunguza tena, nikachovya tena. "Tayari," nikasema. Leokadia akakunja mkono wa gauni na kuchovya kiwiko chake.

"Nimeshapima, wifi."

"Najua. Mama aliniambia, Editha akiandaa maji, pima mara ya pili." Alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Si alikuwa anakutania? Alisema yule ana mkono wa baridi."

Nilishika ukingo wa karai. "Alijua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia. Ile ndoo ya uani si nilikuwa naijaza mimi kila siku? Nikawa najiuliza nani anayanywa maji yake. Jioni ile ulipoungua nikaenda nikaitazama, imejaa. Ndipo nikaelewa." Alikuwa analainisha kitambaa mikononi. "Nikamwambia kabla hajapanda lori. Nilifikiri atakasirika, hataenda."

"Akasemaje?"

"Akasema, mlango niliufunga mimi. Basi na maji niliyamwaga mimi. Akaniambia nisikuulize, utasema mwenyewe siku ukiweza." Akakitia kitambaa majini. "Alikungoja sana, wifi. Krismasi ile ya mwisho alidhani utasema."

Nje wanawake walianza wimbo, wakaushusha, wakaanza upya kwa sauti ya pamoja. Leokadia alimfunua mama yake bega la kulia, akanipisha, akanipa kata. Ni ile ile ya kibuyu, mpini umefungwa waya. Nikapiga magoti na kumwambia yote, pale sikioni, kuanzia kata ya kwanza mpaka ya mwisho, na Leokadia akageuzia uso ukutani ili niseme. Halafu nikachota, nikainua, nikammwagia kuanzia begani, polepole, nikimtazama ngozi, nikisubiri kama mjinga nione kama atashtuka.